Kompyuta za Ofisi Baada ya Windows 10

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kesho yake asubuhi ziliwaka kama kawaida, barua zikachapwa, ankara zikatoka, na ofisi nyingi zimeendelea hivyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenye ofisi wanaponiita huwa na maswali mawili: je, ni lazima tuhame? Na tukihama, ni lazima tununue kompyuta mpya zote? La kwanza najibu ndiyo bila kusita. La pili, kwa ofisi nyingi za huku kwetu, najibu hapana, na hili la pili ndilo linalohitaji maelezo marefu, kwa sababu kuna mashine nzima nyingi zinakaribia kutupwa, na fedha za kununua nyingine zinatoka mahali penye uhitaji mkubwa zaidi.

Tuanze na ulazima wa kuhama. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa marekebisho ya usalama ya mifumo yake. Windows 10 na Windows 11 zina asili moja. Sehemu kubwa ya ndani yake ni ileile. Tundu likizibwa kwenye Windows 11, mhalifu anaweza kulinganisha faili za kabla na za baada ya marekebisho, akaona hasa palipoguswa, kisha akaenda kujaribu palepale kwenye Windows 10 ambako hakuna aliyepaziba. Yaani marekebisho yanayowalinda waliohama ndiyo yanayowaonyesha wahalifu njia ya kuwafikia waliobaki, na hali hiyo inaongezeka mwezi hadi mwezi.

Mfano upo. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, na katika siku chache kikawa kimeingia nchi zaidi ya 150. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Dawa ya tundu kilimopitia ilikuwa imetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Nyingi ya kompyuta zilizopatwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inatunzwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisasisha. Kwa Windows 10 ya leo hata hiyo dawa haitengenezwi kwa ajili yako, ila kama umejiandikisha kuipata, jambo nitakalolifikia baadaye.

Wengi hufarijika na alama ya kijani ya Defender, kinga ya virusi ya Windows, iliyo kwenye kona ya skrini. Ni kweli Defender ya Windows 10 itaendelea kupokea taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Lakini kazi yake ni kumtambua mwizi aliyekwisha kujulikana. Mlango uliovunjika haiutengenezi. Na hata ukipona virusi, programu zitakuacha nyuma. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na mwanzoni mwa 2023 Chrome mpya zikakoma kuingia humo. Ofisi ambayo benki, kodi na zabuni zake zote hupita kwenye kivinjari haiwezi kukaa na kivinjari kilichoganda.

Kuna pia sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazostahili. Zahanati yenye majina na magonjwa ya watu, au SACCOS yenye akiba za wanachama, itapata shida kueleza kwa nini iliziweka kwenye mfumo usio na mlinzi.

Sasa namna ya kuhama. Fundi mara nyingi huja na flashi mfukoni na kuuliza, "Tunapiga Windows kwenye ipi kwanza?" Mwambie akae. Kazi inaanza na daftari. Pita meza kwa meza, kuanzia mapokezi hadi masijala na uhasibu, na kwa kila kompyuta andika aina yake, prosesa, RAM, aina ya diski, printa iliyounganishwa nayo, na programu ambazo anayeikalia hawezi kufanya kazi bila hizo. Hili la mwisho muulize mwenyewe, usikisie. Katibu muhtasi atakutajia kitu ambacho hakuna mtu mwingine ofisini anayejua kuwa kipo.

Taarifa za mashine zinapatikana kirahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha ingiza. Utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM, na mstari unaosema kama BIOS iko katika hali ya UEFI au Legacy. Rudia kwa kuandika tpm.msc, nayo itakuambia kama kompyuta ina TPM na ni toleo gani. TPM ni kifaa kidogo cha usalama kinachotunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida hazifiki. Windows 11 inataka TPM 2.0, UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft.

Hiyo orodha ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa Intel, kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8. Namna ya kujua kizazi ni kusoma tarakimu zinazofuata kistari: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-7500 ni cha 7, i5-8500 ni cha 8, i5-10500 ni cha 10. Kwa AMD, anzia Ryzen za mfululizo wa 2000, nazo uzihakikishe moja moja. Ukishazoea utaanza kuzitambua kwa sura. Dell OptiPlex 7010 ile ya 2012 na HP Compaq Elite 8300, ambazo zimejaa katika ofisi zetu kwa sababu ziliingia kwa wingi kama mitumba, ni kizazi cha 3. HP EliteDesk 800 G1 ni cha 4. OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 ni za kizazi cha 6 au cha 7. OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 ndizo zinazoanza kukubalika.

Daftari likikamilika, mashine zitajigawa zenyewe. Kuna zinazofaa Windows 11. Kuna nzima ambazo zimekataliwa. Na kuna zilizochoka.

Zinazofaa si rahisi kuziona kama unavyodhani. Mara nyingi kompyuta ya kizazi cha 8 au cha 9 hupimwa na programu ya Microsoft ya PC Health Check ikatoa jibu kwamba haifai, na mwenye ofisi akakimbilia dukani. Sababu huwa ni kwamba mashine hiyo ilipoingia nchini ilipigwa Windows upya kwa njia ya zamani, katika hali ya Legacy, na TPM yake ikabaki imezimwa. Kifaa kimo ndani. Kwenye BIOS ya mashine za Intel hukaa chini ya jina la PTT, na kwenye AMD huitwa fTPM; ukikiwasha, TPM 2.0 inajitokeza.

Hali ya Legacy nayo inabadilishwa bila kufuta chochote. Windows 10 ina chombo chake kiitwacho mbr2gpt, kinachogeuza mpangilio wa diski uendane na UEFI. Anza nacho kwa agizo la kuthibitisha tu, ambalo halibadilishi kitu; likipita, geuza, halafu ingia BIOS uhamishe kutoka Legacy kwenda UEFI kabla Windows haijawaka tena. Kabla ya yote hayo, tazama kama BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, imewashwa. Kama imewashwa, isimamishe kwanza na uhifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 nje ya kompyuta hiyo. Ukigusa TPM huku BitLocker ikifanya kazi, mashine itawaka na skrini ya buluu ikikudai ufunguo huo, na kama haupo, mafaili yaliyomo humo hayafunguki tena. Hakuna fundi wa mtaa wala wa ng'ambo atakayeyafungua.

Mashine nzima zilizokataliwa ndizo zinazoniuma. Chukua OptiPlex 7050 yenye i5-7500 na RAM ya GB 8. Inafungua Excel ya kurasa nyingi, inapiga simu za video, na TPM 2.0 inayo. Haina upungufu wa nguvu kwa kazi ya ofisi. Imekosa tu kuwamo kwenye orodha. Microsoft ilijieleza kwa hoja za usalama na uthabiti, na hoja hizo zina uzito wake kitaalamu, lakini ofisi ya kata au shule ya sekondari haiwezi kuambiwa kwamba mashine ya namna hiyo ni takataka. Mimi sikubali, na nashauri ulikatae shauri hilo mpaka uwe umejaribu njia nyingine.

Zilizochoka ni Core 2 Duo na ndugu zake, zenye RAM ya GB 2 na feni inayolia. Hizo ziache zipumzike. Umeme na muda wa mfanyakazi anayesubiri ni gharama kubwa kuliko thamani iliyobaki.

Kabla ya kuzungumzia mfumo wowote, fungua kasha. Iwe unahamia Windows 11 au kwingine, badiliko lenye faida kubwa kuliko yote kwa kompyuta ya zamani ni kutoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Kompyuta nyingi zinazoitwa "nzito" zina prosesa nzuri inayongoja diski. Chomoa umeme, ondoa ubavu, puliza vumbi, na utaiona diski ya zamani ikiwa imeshikwa na nyaya mbili: moja pana ya umeme, nyingine nyembamba ya data. SSD ya SATA ya GB 240 inatumia nyaya hizohizo. Ni ndogo zaidi, kwa hiyo ndani ya kasha la mezani itahitaji kishikizo. Ukiwa humo humo, ongeza RAM ifike GB 8, na ubadilishe kale kabetri ka duara ka CR2032 kaliko kwenye ubao mama. Wengi hukadharau. Kakiisha, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kila umeme unapochomolewa, na kivinjari hukataa kufungua tovuti za benki na serikali kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana kuwa vya siku ambayo haijafika. Mipangilio ya BIOS uliyohangaika kuiweka nayo hufutika. Nimeona ofisi ikimlaumu mtoa intaneti wiki nzima kwa kosa la betri ya bei ya soda.

Kwa mashine nzima zilizokataliwa, swali la kuuliza ni moja: kazi ya anayeikalia hufanyikia wapi? Ukichunguza utakuta watu wengi ofisini hukaa kwenye kivinjari kutwa. Zabuni za serikali ya Tanzania ziko NeST, mambo ya kodi yako kwenye mfumo wa TRA, Kenya kuna iTax na eCitizen, barua pepe ni za kivinjari, na kinachobaki ni kuandika barua na majedwali mepesi. Mtu huyo anaweza kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, bila kupoteza chochote cha maana. Kwa wanaoanza napendekeza Linux Mint: sura yake inafanana na Windows waliyoizoea, menyu iko kona ileile ya chini, ni ya bure kihalali, na matoleo ya 22, yaliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, yanatunzwa hadi 2029. Kwenye mashine ya kizazi cha 4 yenye SSD na GB 8 inakwenda vizuri sana.

Wanaoona Linux ni kitu cha wageni wafahamu kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tulianza mapema. Kuendelea ndiko kulikopungua.

Lakini usimhamishe mtu kwa shauku. Askari wa Gendarmerie ya Ufaransa, ambao leo maelfu kwa maelfu ya kompyuta zao zinatumia Linux, hawakuanza na mfumo endeshi. Mwaka 2005 walihamia OpenOffice wakiwa bado kwenye Windows, mwaka uliofuata wakahamia Firefox na Thunderbird, na ndipo kuanzia 2008 wakaanza kubadilisha mfumo wenyewe. Kufikia hapo askari alikuta programu alizokwisha kuzizoea. Mji wa Munich nchini Ujerumani ulihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, kazi iliyokamilika 2013, na mwaka 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwamo, na malalamiko ya watumishi kuhusu programu yalikuwamo pia. Kwa hiyo weka LibreOffice, ndugu wa OpenOffice, leo kwenye Windows waliyonayo, waache wafungue barua na fomu zao halisi kwa muda, uone kipi kinapinda. Mpangilio wa barua yenye nembo na majedwali unaweza kusogea. Makro za Excel nyingi hazitafanya kazi, na hilo ni la kupima mapema: ritani za iTax, kwa mfano, zimezoeleka kujazwa kwenye jedwali la Excel lenye makro.

Mhasibu ni habari nyingine. Tally, QuickBooks ya kusakinisha, hifadhidata ya Access iliyotengenezwa na kijana aliyekwisha kuhama ofisi, vyote hivyo ni vya Windows. Meza ya uhasibu ndiyo ya kwanza kupewa mashine inayokubalika, hata kwa kubadilishana na ya mkurugenzi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kompyuta mpya kuliko wote na ndiye anayesoma barua pepe tu. Angalia pia umri wa programu yenyewe. Windows 11 haina toleo la biti 32, na programu za kale za enzi za DOS, ambazo zilikuwa zikifanya kazi kwenye Windows 10 ya biti 32, hazitawaka humo.

Ikiwa huna mashine ya kumpa, kuna marekebisho ya usalama ya kulipia, maarufu kama ESU. Kwa taasisi, Microsoft iliweka dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka, 122 kisha 244, hadi Oktoba 2028 ambapo inakoma. Anayejiunga mwaka wa pili hulipa na wa kwanza. Kwa dola 427 za miaka mitatu ungeweza kununua kompyuta ya mtumba inayokubalika na ukabakiwa na chenji, kwa hiyo naiona kama njia ya kupumulia mwaka mmoja kwa mashine moja au mbili zenye programu isiyohamishika, na hakuna zaidi. Shule na vyuo ni tofauti kabisa: vyenye leseni za elimu viliwekewa dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Mkuu wa shule mwenye chumba cha kompyuta za kizazi cha 4 na alijue hili kabla hajaomba michango ya wazazi. Kwa watumiaji wa nyumbani iliwekwa hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Yote hayo yanataka Windows 10 iwe toleo la 22H2.

Fundi atakwambia ipo njia ya mkato, ya kuisukuma Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika. Ipo kweli, na huwaka. Tatizo ni kesho yake. Microsoft imesema wazi kwamba mashine kama hizo hazina uhakika wa kupata masasisho, nasi tunahama kwa ajili ya masasisho hayo. Toleo la 24H2 lilipotoka mwaka 2024 lilikataa kuwaka kabisa kwenye Core 2 Duo na wenzake, kwa kuwa linatumia maelekezo ambayo prosesa hizo hazina. Kwenye kompyuta yako ya nyumbani ya kujifunzia, jaribu. Kwenye kompyuta yenye mishahara ya watu, usijaribu.

Mbaya zaidi ni Windows ya kukraki. Programu za kuiamsha Windows bila leseni huhitaji uzime kinga ya virusi kwanza na uzipe ruhusa zote za mashine, kisha hujui zimeacha nini ndani. Ukihama kwa ajili ya usalama kisha ukamalizia na hicho, umefunga mlango wa mbele ukavunja ukuta wa nyuma. Kompyuta nyingi za kampuni zilizotoka na Windows 10 Pro zina leseni yake ndani ya ubao mama, na leseni hiyo inakubali Windows 11 Pro bila malipo. Itafute kwanza.

Kunakili mafaili ni hatua inayopewa dakika kumi ilhali inastahili siku nzima. Watu hunakili Desktop na Documents wakadhani wamemaliza. Barua za Outlook hukaa kwenye faili lake la PST, pengine kwenye folda iliyofichwa. Tally ina folda yake ya data. Nywila na alamisho zimo ndani ya kivinjari. Nakili kwenye diski ya nje, kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kadhaa, la mwaka huu na la miaka mitano iliyopita, mwenye kazi akiwa amekaa pembeni yako. Nakala ambayo haijafunguliwa haijahesabiwa. Andika namba za leseni za programu za kulipia, na kama programu ina utaratibu wa kurudisha leseni kabla ya kuhama, ufuate.

Kusakinisha kwenyewe hakuna mengi. Pakua faili la Windows 11 mara moja, kwa kuwa linazidi GB 5, tengeneza flashi, halafu itumie kwa mashine zote badala ya kuchoma bando mara kumi. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, Windows kwa kawaida hurudi ilikotoka, lakini ukikatika wakati wa kusasisha BIOS unaweza kuua ubao mama, kwa hiyo kazi hiyo isifanyike bila UPS. Anza na kompyuta moja ya mtu mvumilivu, mwache aifanyie kazi kwa wiki mbili, ndipo uendelee. Uhasibu usiuguse mwisho wa mwezi, wala karibu na tarehe 20, ambayo ni siku ya mwisho ya ritani za VAT, Tanzania na Kenya pia.

Kisha, siku ya kwanza baada ya kuhama, mtu atakuja kusema skana imekufa. Hii hutokea mara nyingi kiasi kwamba inafaa kuijua mapema. Ile fotokopi kubwa ya koridoni, inayoskani na kupeleka faili moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta ya katibu, kama ni ya zamani inatumia lugha ya mtandao iitwayo SMB1. Windows mpya haiwashi SMB1, na 24H2 imeongeza masharti: inataka mawasiliano ya folda za mtandao yawe na sahihi ya kidijitali, na toleo la Pro halipokei tena mgeni asiye na nywila. Fotokopi inagonga, haifunguliwi. Ukimwita fundi asiyejali, atakuwashia SMB1 kwa dakika mbili, kila mtu ashukuru, na aondoke na pesa yake. Mkatalie. SMB1 ndimo WannaCry ilimopitia. Tazama kwanza kama mtengenezaji wa fotokopi ana sasisho lake, na uipe folda jina la mtumiaji na nywila. Ikishindikana, ielekeze itume kwa barua pepe, au watu waskani kwenye flashi mpaka fotokopi itakapobadilishwa. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa dakika moja kwa kila karatasi, na nyuma yake kuna ofisi nzima.

Mkishahama, zitabaki zile zilizochoka, na mtu atakuja na ofa ya kuzinunua zote kwa mkupuo. Nchini Kenya kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea vifaa vya kielektroniki vilivyoisha, na Rwanda wana kiwanda cha kuvichakata huko Bugesera. Kwingineko ulizia mamlaka ya mazingira. Vyovyote mtakavyoamua, kompyuta isitoke mlangoni ikiwa na diski yake. Kufuta mafaili au kupiga Windows upya hakuondoi kilichokuwamo. Programu za bure za kurejesha data hukitoa kwa muda mfupi. Ng'oeni diski zote, ziandikeni namba kwenye daftari lile lile, zinazofaa zifutwe kwa programu inayoandika juu ya kila sehemu ya diski, na nyingine zitobolewe mbele ya macho yenu. Taarifa za wateja, wagonjwa na wanafunzi wenu zimo humo.